ECG safi, damu safi: je, moyo wa baba ni mzima?

Swali: Assalaamu alaykum daktari. Niko Mkoani, Pemba. Wiki iliyopita baba, mwenye miaka 58, presha na sukari, na sigara hajaiacha, alishikwa na maumivu ya kifua usiku baada ya kula. Yalidumu kama nusu saa na jasho likamtoka. Tukamkimbiza hospitali. Wakampima umeme wa moyo, yaani ECG, wakasema uko sawa. Wakamtoa damu, wakasubiri, wakamtoa tena, zote sawa. Asubuhi wakamruhusu na dawa ya kiungulia na barua ya kwenda kupimwa moyo kwenye mashine ya kukimbia, tarehe ni mwezi ujao. Ami yangu aliyeko Maskati anasema tuachane na mashine, tumpeleke Dar akapigwe skani ya CT au apitishwe waya kwenye mishipa ya moyo moja kwa moja. Jirani anasema vyote hivyo ni biashara, ECG ikiwa safi mtu mzima. Nani mkweli? Tena magoti yanamsumbua, sijui atakimbiaje. Kitu chengine, tangu msimu wa karafuu akipandisha mlima na gunia kifua humbana, akikaa huachia, lakini mwenyewe anasema ni uzee.

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu. Pole kwa mtihani huo, na mmefanya vyema kumkimbiza usiku ule ule badala ya kumpa chai ya tangawizi na kungoja kuche.

Naanza pale ulipomalizia. Umeandika mengi kuhusu mashine, na mwisho kabisa, karibu uisahau, ukataja gunia la karafuu. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa katika barua yako yote. Kifua kinachobana mtu anapopanda mlima na mzigo, kikaachia akikaa dakika chache, kisha kikarudi siku nyengine kwa mzigo ule ule, ni dalili inayojulikana ya mshipa wa moyo uliopungua upana. Moyo unadai damu zaidi, mshipa hauwezi kuipitisha. Je, hili mlimwambia daktari usiku ule? Nadhani hamkumwambia. Baba alisema amekula, kifua kinamuwaka, na ndiyo maana karudi nyumbani na dawa ya kiungulia.

Kwa hiyo jirani amekosea. Ami amekaribia, ingawa njia aliyopitia siyo. Na madaktari wa zamu, kwa yale waliyoambiwa, walifanya kazi yao barabara.

Chumba cha dharura kina swali lake la kwanza: je, msuli wa moyo unakufa sasa hivi? Swali jengine, kama mishipa ya moyo imebanwa na kwa kiasi gani, hufuata baadaye, na si kila mgonjwa anahitaji kulijibiwa. Watu huyachanganya haya mawili, wakaamini kuna vipimo vidogo vinavyodanganya na kipimo kikubwa kinachosema kweli. ECG na damu vinajibu la kwanza. Mashine ya kukimbia, CT na vyenziwe vinajibu la pili.

ECG inatakiwa ifanyike na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mwenye maumivu ya kifua afike. Vibandiko 10 hubandikwa mikononi, miguuni na kifuani, vikatoa michoro 12, na karatasi ya kawaida hubeba sekunde 10 tu za mapigo. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba kabisa, mara nyingi mchoro hupanda kwa namna ambayo hata daktari aliyeanza kazi juzi ataitambua. Hapo hakuna tena habari ya CT wala mashine, kinachotakiwa ni kufungua mshipa. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ikiwa haiwezekani kuufungua kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe, na maumivu hayajapita saa 12, mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, maadamu hana sababu ya kuikatazwa, halafu ndipo asafirishwe. Kwa aliyeko Mkoani, na maabara ya katheta iko ng'ambo ya bahari, dakika 120 hazitoshi hata kama boti imefungwa gatini inamsubiri yeye. Nalisema hili kwa sababu nimeona familia zinahangaika kutafuta ndege huku mgonjwa hajaguswa na dawa ambayo ingemfaa pale pale alipo.

ECG safi, kwa upande wa pili, haitoi hati ya usalama. Kuna ukuta wa nyuma wa moyo ambao vibandiko vya kawaida haviuoni vizuri. Daktari akishuku, huongeza vibandiko mgongoni, chini ya bega la kushoto. Kuna mshipa unaobana na kuachia, na mgonjwa akapimwa wakati umeachia. Ndiyo maana ECG hurudiwa, hasa maumivu yakianza tena. Kinyume chake pia kipo. Vijana wengi wa kiume wenye asili ya Afrika wana mchoro uliopanda kidogo ilhali ni wazima kabisa. Na mwenye presha ya miaka mingi huwa msuli wa moyo wake umenenepa, mchoro ukapinda hata siku asiyoumwa na kitu. Yale maneno ambayo mashine yenyewe huyachapisha juu ya karatasi msiyafanye hukumu, wala yakisema sawa, wala yakisema si sawa.

Sasa damu. Iliyotolewa mara mbili ilikuwa ya kutafuta troponini, protini iliyomo ndani ya msuli wa moyo, ambayo msuli ukijeruhiwa huvuja na kuingia kwenye damu. Haivuji papo hapo. Kwa vipimo vya kawaida hupita saa kadhaa kabla haijaonekana, na aliyefika mapema anaweza kupata jibu safi huku msuli unaendelea kufa. Kwa hiyo kipimo cha pili, baada ya saa 3 hadi 6, ndicho chenye uzito. Palipo na vipimo vipya vyenye usikivu mkubwa muda huo umeshuka hadi saa 1, 2 au 3. Wako wanaosaini kuondoka baada ya damu ya kwanza kwa kuwa majibu ni mazuri na nyumbani kuna watoto. Nyinyi mlisubiri, na subira hiyo imetupa jambo la uhakika: kwa vipimo vile, usiku ule hapakuonekana msuli uliokufa. Kuhusu upana wa mishipa, damu hiyo haikusema lolote.

Nitaje kwa kupita tu kwamba troponini hupanda pia kwa figo zilizoshindwa, kwa maambukizo makali, na kwa damu iliyoganda kwenye mapafu. Ikipanda, bado daktari ana kazi ya kufikiri.

Baada ya ECG na damu, madaktari wengi hutumia mizani ya alama iitwayo HEART, waliyoitoa madaktari wa Uholanzi mwaka 2008. Ina vipengele vitano: maelezo ya mgonjwa, ECG, umri, mambo yanayomweka mtu hatarini kama presha, sukari na sigara, na troponini. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2. Jumla ya 0 hadi 3 ni hatari ndogo. Walipoijaribu kwa wagonjwa 2,440 huko huko Uholanzi, matokeo yakachapishwa 2013, wenye hatari ndogo waliopatwa na tatizo kubwa la moyo ndani ya wiki sita hawakufika 2 katika 100. Wenye 4 hadi 6 walikuwa kama 17 katika 100. Wenye 7 na kuendelea walikuwa kama 50 katika 100. Hao ni Waholanzi, na sisi tuna presha nyingi isiyotibiwa, kwa hiyo tarakimu zenyewe msizichukue kama zilivyo. Mpangilio wake ndio wenye faida.

Tumpime baba. ECG safi, 0. Troponini safi, 0. Umri wa miaka 58, alama 1. Presha, sukari na sigara ni mambo matatu, na yakifika matatu ni alama 2. Hapo ana 3 kabla hatujagusa maelezo. Usiku ule alieleza kiungulia baada ya chakula, na daktari angeweza kwa haki kabisa kuandika 0: jumla 3, hatari ndogo, nenda nyumbani. Ingawa lile jasho lingemtia wasiwasi, akaandika 1. Ongeza sasa gunia la karafuu, kubana na kuachia. Mimi ningeandika 2 bila kusita, na jumla ingekuwa 5. Karatasi ni zile zile, damu ni ile ile, na mtu amehama kundi kwa sentensi moja ambayo yeye mwenyewe anaiita uzee.

Na msidanganyike kwamba dawa ya kiungulia ilimtuliza, kwa hiyo lilikuwa tumbo. Maumivu ya moyo hupita yenyewe pia, na yakipita dakika kumi baada ya mtu kunywa dawa ya tumbo, sifa inakwenda kwa dawa. Hali kadhalika kidonge cha nitrogliserini cha chini ya ulimi: huachia mishipa ya moyo, lakini huachia pia koo la chakula. Wanawake na wenye sukari wanachanganya zaidi, kwa kuwa baadhi yao hawapati maumivu kabisa. Wanapata pumzi fupi, uchovu wa ghafla, kichefuchefu, maumivu ya chembe cha moyo.

Kipimo kingine ambacho nyinyi hamkukitaja, na ambacho napenda kifanyike mapema palipo na mashine na mtu wa kuisoma, ni eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Hakina mionzi, hakichomi, na hufanyika kitandani. Kinaonyesha kama ukuta mmoja wa moyo umelegea kuliko mengine. Kinaonyesha pia yasiyokuwa mishipa ya moyo: maji yaliyojaa kuzunguka moyo, vali, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, upande wa kulia uliovimba kwa sababu ya damu iliyoganda mapafuni, na pengine mshipa mkuu uliochanika karibu na moyo. Huo mshipa kuchanika usisahaulike kwa mwenye presha kali: maumivu huja kwa kishindo, kama kuraruliwa, yakaelekea mgongoni, na presha ya mkono mmoja ikatofautiana na ya mkono wa pili. Mgonjwa huyo akipewa dawa ya kuyeyusha damu anaweza kufa. Ndiyo maana daktari wa dharura anauliza maswali mengi hata pale familia inapomwona anachelewesha.

Turudi kwenye barua ya mashine. Utaratibu unaotumika zaidi ni ule wa Robert Bruce, daktari wa Seattle: kila baada ya dakika 3 mkanda unaongeza kasi na kuinuka zaidi, huku ECG na presha vinatazamwa. Lengo ni moyo ufikie angalau asilimia 85 ya kasi ya umri wake, na kasi hiyo hupatikana kwa kutoa umri kwenye 220. Kwa baba ni 162, na asilimia 85 yake ni kama mapigo 138 kwa dakika. Mwenye magoti mabovu hafiki huko. Atasimama dakika ya nne kwa sababu ya goti, na jibu litaandikwa kwamba halikukamilika. Hukutaja dawa zake za presha. Kama mojawapo ni atenololi au ya ukoo wake, hiyo nayo huzuia moyo usikimbie, na daktari ndiye wa kuamua kama isimamishwe kabla ya kipimo. Msiisimamishe wenyewe, maana kuikata ghafla kwa mtu mwenye mishipa iliyobana kunaweza kuleta lile lile tunalolikimbia.

Kubwa zaidi ni hili. Hata akiwa na magoti ya kijana, mashine hii hukosa karibu theluthi ya wenye ugonjwa. Kwa mtu ambaye uwezekano wake ni mdogo au wa kati hilo linavumilika. Kwa baba, ambaye maelezo yake tu tayari yanainua uwezekano, jibu safi la mashine lisingenitoa wasiwasi, na jibu baya lingeniambia ninachokijua. Kipimo ambacho majibu yake yote mawili hayabadilishi uamuzi sioni sababu ya kukivukia bahari. Zaidi ya hayo, mtu aliyeumwa nusu saa akiwa amekaa, na ana historia ile ya mlima, hapandishwi kwenye mkanda mpaka daktari wa moyo aridhike kwamba ametulia.

Asiyeweza kukimbia hufanyiwa eko ya mazoezi kwa dawa. Dobutamini huingizwa mshipani kidogo kidogo, moyo ukakimbia mtu akiwa amelala, na daktari akatazama ukuta gani umebaki nyuma. Ni kipimo kizuri sana mikononi mwa mzoefu. Mikononi mwa asiye mzoefu ni picha tu. Kipo pia cha nyuklia, ambacho kamera hufuata dawa yenye mionzi kidogo kuona damu inavyoenea kwenye msuli. Dawa ya kupanua mishipa ikitumika hapo, hata kahawa ya barazani hukatazwa saa 12 au zaidi kabla.

Hiyo CT ya ami ni skani ya mishipa ya moyo, si CT ya kifua ya kawaida, na uhakikishe unapouliza kwa simu kwamba mnaongelea kitu kimoja, maana kuna watu wamesafiri wakarudi na picha ya mapafu. Inaonyesha mshipa wenyewe na mafuta yaliyojishika ukutani, hata yale ambayo bado hayajauziba. Ikitoka safi kabisa, inatuliza kuliko kipimo kingine chochote kisichoingia mwilini. Masharti yake yapo. Moyo upigwe polepole, kama mapigo 60 kwa dakika, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuutuliza. Mwenye pumu aseme. Dawa ya rangi, inayoingizwa mshipani ili mishipa ionekane, hupita kwenye figo, na kwa mwenye sukari figo zipimwe kwanza. Anaweza pia kuambiwa asimamishe metformini, dawa ya sukari, kwa muda. Mshipa uliojaa chokaa huifumba macho skani. Na kabla ya picha huwekwa nitrogliserini chini ya ulimi: aliyetumia dawa za nguvu za kiume ndani ya siku mbili zilizopita lazima aseme, presha isije ikaanguka vibaya. Najua binti hawezi kumuuliza baba yake swali hili. Mwachie ami.

Ami anakosea anapodhani CT ya haraka ni haki ya kila mwenye kifua. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 1,748 wa dharura wenye hatari ya kati, wakatoa matokeo mwaka 2021: waliopigwa mapema hawakupungukiwa na vifo wala mishtuko ya moyo ndani ya mwaka mmoja kuliko waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Mwongozo wa Marekani wa mwaka huo huo nao unasema mwenye hatari ndogo na troponini safi hahitaji kipimo chengine cha haraka. Jirani yako angefurahi kusikia hivyo, na kwa wagonjwa wa kundi hilo ana haki. Baba si wa kundi hilo.

Kuhusu kupitishwa waya, yaani anjio: katheta nyembamba huingizwa kwenye mkono au kinena mpaka kwenye mishipa ya moyo, rangi ikamwagwa, na palipoziba pakaonekana na mara nyengine kufunguliwa hapo hapo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaifanya kazi hiyo. Madhara yake si mengi lakini yapo: kuvuja damu, kiharusi, figo kuchoka. Kwa hiyo haifanywi kwa ajili ya kutoa shaka tu. Daktari wa moyo akimsikia baba anaweza kuamua aende huko moja kwa moja, na akiamua hivyo sitamshangaa. Anaweza pia kuanza na CT au eko ya dobutamini, nami ningekubali. Ninachokikataa ni kungoja mwezi mzima kwa ajili ya mkanda.

Mrudisheni hospitali kesho. Msingoje tarehe ya barua. Mwambieni daktari hivi hivi: “Tangu msimu wa karafuu kifua kinambana akipanda mlima na mzigo, kinaachia akikaa, na wiki iliyopita kimembana nusu saa amekaa, na jasho.” Ombeni ECG na damu zirudiwe, eko kama ipo, na rufaa ya daktari wa moyo, ambayo kwetu huku huelekea hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kabla ya Dar. Ulizeni kuhusu aspirini ndogo ya kila siku na dawa ya mafuta ya damu. Kwa mwenye sukari wa umri wake aliye na maelezo haya mara nyingi huandikwa kabla hata skani haijafanyika. Magunia wabebe vijana. Sigara, nadhani anajua.

Boti haina neno kama hana maumivu na daktari ameruhusu. Kifua kikimbana amekaa, au kisipoachia ndani ya dakika chache, au jasho likarudi, msipande boti wala msitafute gari la kwenda mbali: hospitali iliyo karibu, mara moja, na njiani atafune aspirini ya miligramu 300, au vile vidogo vya 75 vinne, ikiwa haimdhuru na hana kidonda cha tumbo kinachotoa damu.

Chukueni vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile ECG ya wiki iliyopita. Karatasi yake hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo ipigeni picha kwa simu leo. Daktari atakayemwona kesho atataka kuzilinganisha mbili, na tofauti ndogo kati yake inaweza kumwambia zaidi kuliko kila moja peke yake.